Mkaratusi Aliopanda Mama kwa Mkono Wake

Wakati wazungu wa mradi wa karanga wanafyeka pori la Nachingwea kwa matrekta, sisi tulikuwa Ruponda na mihogo yetu. Baba alikwisha kufa. Shamba lilikuwa la mama, na halikuwa na karatasi. Kwetu aliyepanda mti wa kudumu, mwembe au mkorosho, ndiye mwenye pale. Hilo halikuwa na ubishi.

Basi akaja bwana miti, Mwafrika mwenzetu, kaptula ya kaki, miche kwenye debe. Akasema ni mikaratusi, si ile mirefu. Hii mifupi, ya nchi kavu huko ng'ambo, jua haliiwezi. Atatupandia mmoja mpakani, bure.

Mama akaweka jembe chini. "Umetoka Nachingwea kwa miguu kunipa mti bure?"

"Kwa baiskeli, mama."

"Unazaa nini?"

"Hauzai. Ni wa kivuli."

"Mfupi hivyo? Kivuli chake kitamtosha kuku."

Nikacheka. Mama akanikata jicho.

Akasugua jani, akanusa, akatema mate. Lilinuka dawa ya zahanati. Lakini shaka yake haikuwa kwenye harufu. Alinivuta pembeni akaninong'oneza Kimwera: huyu akiupanda yeye, kesho wazungu waliomtuma watasema pale ni pao.

Bwana miti alikwisha chimba shimo. Mama akamnyang'anya mche.

"Toka hapo. Napanda mwenyewe."

Akawaita majirani wa mpakani, mume na mke, waje watazame. Akaupanda, akakanyaga udongo, akawauliza, "Mkono wa nani huu?"

"Wako."

Bwana miti akacheka. "Kumbe mama ulikuwa unautaka!" Mama akaokota jembe lake.

Mti ulipokuwa umefika kiunoni, wapimaji wa wazungu wale wakaja na minyororo na vigingi. Bwana miti alikuwa nao. Mkubwa wao akapigilia kigingi ndani ya mihogo yetu, akasema, "Mti ule ni wetu, mpaka unaanzia hapa."

"Muulize huyo kaupanda nani," mama akasema.

Bwana miti aliwatazama wale majirani, waliokwisha kuja kusimama pale. Akainamisha kichwa. "Kaupanda yeye."

Wakang'oa kigingi, wakakipeleka nje, ng'ambo ya mkaratusi. Majirani wakapiga vigelegele. Mama hakucheka. Wapimaji walipotokomea tu akanipa jembe.

"Panda mihogo mpaka kwenye kigingi chao."

"Mpaka kwenye kigingi chenyewe, mama?"

"Mpaka ukiguse. Vigingi vya hawa vinatembea."