Mawimbi Tuliyoyapanga Didia

Jumapili iliyopita mjukuu wangu alikuja kuniaga. Yeye na wenzake wamepanga likizo katika mji wa pwani, ambako watapanda juu ya mbao na kuteleza na mawimbi. Aliniuliza, huku akicheka, kama ninajua lolote kuhusu mchezo huo. Nilimjibu kwamba niliwahi kuupanga kabla baba yake hajazaliwa. Alidhani ni mzaha, na kwa kuwa mimi si mtu wa mizaha, nimeona nikusimulie wewe, kama rafiki wa zamani, yale niliyoyaona kwa macho yangu na lile moja nililolibuni kwa ulimi wangu.

Ilikuwa kijijini Didia, miaka michache baada ya reli kufika Shinyanga. Baba alikuwa Geita kwenye machimbo ya dhahabu, nami niliishi kwa bibi pamoja na binti wa marehemu shangazi, aliyenizidi miaka miwili, ambaye nilimwita dada. Ninapoikumbuka nyumba ile, harufu ndiyo hutangulia: moshi wa samadi kavu, maziwa yaliyoganda kibuyuni, na michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa vipande na kuanikwa juu ya mwamba hadi vikawa vigumu kama ngozi. Sauti ya kwanza ya asubuhi ilikuwa ya jiwe la kusagia. Ya pili ilikuwa ya bibi, akituuliza kama tunangoja jua lituamshe kwa fimbo.

Siku moja ilifika barua ya baba mdogo, mwana wa mwisho wa bibi, aliyekuwa akipakia mizigo bandarini Dar es Salaam. Niliisoma mimi. Alisema angekuja kutusalimu, kisha arudi nasi wawili tukatembee wakati wa likizo ya shule. Aliongeza kwamba watoto wa kule hulala kifudifudi juu ya ubao, wakangoja wimbi, nalo likawabeba hadi ufukweni. Bibi aliridhia. Mwalimu alinisimamisha mbele ya darasa niwaeleze wenzangu safari hiyo, nami nikaeleza kwa majivuno mengi.

Dada ndiye aliyeshika mipango. Alianika michembe ya njiani, akaiba chumvi ya bibi kidogo kidogo, na kwa fundi akaomba ubao wa ubavu wa mkokoteni uliovunjika. Kisha akasema ni lazima tujifunze. Maji tuliyokuwa nayo ni ya lambo la kunyweshea ng'ombe, nayo yalikuwa yametulia kama uji uliopoa. Mawimbi tungeyatoa wapi? Dada alifikiri kidogo, akawaswaga ng'ombe wote ndani kwa pamoja. Maji yakainuka kweli, mekundu kwa tope, naye akalala juu ya ubao, akabebwa hatua tatu, akaibuka anacheka.

Zamu yangu ilipofika, ubao ulipinduka. Nilikwenda chini, katikati ya miguu ya ng'ombe, nisijue juu ni wapi. Ukwato mmoja ulinikanyaga kiganja. Dada alinivuta kwa nywele. Sikulia, nilisema nimeteleza tu. Lakini tangu siku hiyo hata maji ya kunawa niliyagusa kwa ncha za vidole, na kila usiku ulipopita nilijua bahari imesogea karibu.

Baada ya siku chache tulitumwa mjini, dada na mimi, kupeleka majibu ya barua. Tulifika, tukaitazama treni, tukarudi. Hakuna mtu aliyetusemesha. Kesho yake, bibi akiwa anasaga, nilikaa karibu naye nikasema, "Bibi, nimesikia kule kituoni kwamba watoto wanaopelekwa pwani huuzwa kwa mumiani."

Jiwe likasimama. Mumiani, ikiwa hukuwahi kutishwa nao, walisemekana kuwa watu wanaowatoa wenzao damu ili ifanywe dawa.

"Umesikia kwa nani, ng'wanawane?" bibi aliuliza. Mtoto wangu, maana yake.

"Kwa watu."

Nilitaka tu safari ivunjike. Sikujua kwamba neno likishatoka halina mwenyewe. Jioni ya siku ya pili jirani alituletea habari hiyohiyo, sasa ikiwa na mama aliyepotelewa na watoto wawili, naye aliapa kwamba anamfahamu shemeji wa mama huyo. Wiki haikuisha ikawa na chupa, sindano, na mtu mmoja mwenye sanduku atakayeshuka kwa treni. Nami niliyeibuni nikaanza kuiogopa. Nilikuwa nikikojoa karibu na mlango, nisithubutu kufika nyuma ya zizi.

Baba mdogo alifika adhuhuri, ana sanduku. Alisalimu, na wanawake waliozoea kumpigia magoti wakamjibu kwa mbali. Bibi alitoka, akasimama kizingitini, wala hakumkaribisha. Wanaume walikuwa wamekwisha kuingia uani na fimbo zao.

"Baba, tufungulie tu," jirani alimwambia baba mdogo, akilionyesha sanduku. "Kama ni nguo, tutaona nguo."

"Salamu zangu mmezikataa, sasa mnataka kaptula zangu?" alisema baba mdogo, akainama akalifungua.

Zilitoka kaptula mbili ndogo za kuogelea, alizotushonea mwenyewe. Chini yake ikatoka chupa yenye maji. Uwanja mzima ukarudi nyuma hatua moja, kisha ukasogea mbele mbili.

"Ni maji ya bahari," alisema. "Nimemletea mama ayaonje."

"Basi kunywa wewe," sauti moja ikasema.

"Akinywa yeye itathibitisha nini?" mwingine akajibu. "Mwenye dawa hadhuriki na dawa yake."

Fimbo zilianza kuinuka. Nilikuwa na neno moja la kusema, kwamba habari ile niliibuni mimi. Nikajificha nyuma ya bibi. Dada alipita katikati yao, akaichukua chupa, akapiga funda kubwa. Akakunja uso, akakohoa, akatema mate.

"Chumvi," alisema.

Wakamngoja aanguke. Hakuanguka. Mmoja mmoja wakashusha fimbo, wakaondoka bila kutazamana. Baba mdogo alifunga sanduku lake, akamwangalia mama yake, akarudi kituoni peke yake. Hakuja tena hadi bibi alipozikwa. Dada alinitazama mara moja tu, naye ndiye pekee aliyejua kwamba kule kituoni hakuna aliyetusemesha. Hakulitaja hata siku moja.

Lambo lile limejaa udongo, na mwamba wa michembe umevunjwa kokoto. Dada aliolewa Kharumwa, akalima huko maisha yake yote. Ubao wa mkokoteni ukawa rafu ya vyungu vyake. Mimi nilisoma, nikapata kazi, nikapelekwa Dar es Salaam. Nilisimama ufukweni na viatu miguuni, nikachovya kidole, nikakionja, nikaondoka. Nilipokwenda kumwona dada nilimweleza kwamba hatimaye nimeiona bahari, na kwamba ni kweli maji yake yana chumvi.

"Hilo nalijua," alisema, akiendelea kupukuchua mahindi. "Nieleze jingine."

Nilijua ni neno gani alilolingoja, nikachukua hindi moja nikaanza kupukuchua.