Duara Kwenye Kona ya Tatu

Mimi nimeishia darasa la nne, na sioni aibu kulisema, kwa sababu wengi waliosoma kunipita leo wanalala kwenye gesti yangu pale Nyasubi na wanaomba wapunguziwe. Niliingia mashimo ya dhahabu nikiwa kijana, nikatoka na macho yangu mawili na akili ya kujua pa kuishia. Nikanunua mashine ya kukoboa mpunga Kagongwa. Nikanunua lori. Halafu nikanunua mlima.

Watu wa Kilimanjaro wakiuona wataucheka. Wacheke. Huku kwetu kwenye mbuga huo ni mlima, una mawe makubwa kama nyumba, na ukisimama juu unaona mabati ya Kahama yanavyometa. Mtu mwingine angeuponda kokoto. Mimi nilipanda miti juu yake: mininga, mikwaju, mishubiri ya maua mekundu, na miti ya dawa ambayo vijana wa sasa hawaijui hata kwa jina. Kila mti una kibao chake, jina la Kiswahili juu, la Kisukuma chini. Bustani ya namna hiyo niliiona nilipopeleka mchele Lushoto, nikasema, kumbe mlima nao unaweza kuwa duka.

Pale getini nikaweka bango kubwa, maandishi mekundu: BUSTANI YA MLIMANI. NJIA ZA WATU WOTE. Hilo neno la mwisho ndilo lililoniletea balaa.

Dada yangu mkubwa, aliyenilea baada ya mama kufariki, hatembei. Ugonjwa wa mgongo ulimmaliza miguu miaka kadhaa iliyopita, na sasa anatumia baiskeli ya magurudumu matatu, ile ya kunyonga kwa mikono. Nilimleta siku ya kwanza aone utajiri wa mdogo wake. Akasimama mbele ya bango, akalisoma taratibu.

"Wote?" akauliza.

"Wote, dada."

"Na mimi?"

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, nitaita vijana wanne wenye nguvu wambebe mpaka juu.

"Mimi si gunia," akasema.

"Lakini dada, wewe si ulinibeba mgongoni mlima huuhuu ukienda kuokota kuni?"

"Ulikuwa huna meno. Mimi ninayo." Akageuza baiskeli. "Nataka kufika juu kwa mikono yangu mwenyewe, ng'wanawane, mwanangu. Nikishindwa, ulifute hilo neno."

Hapo watu wanafikiri kazi ni kuchonga njia tu. Nakwambia, ningejua ningefuga kuku. Njia ya wenye miguu ilikuwepo, imenyooka hadi juu, mbuzi wanaijua. Njia ya magurudumu ni kitu kingine. Nilimleta bwana miti kutoka kulekule Lushoto, kijana mpole wa suruali safi, akapita na vigingi vyake akiniambia mteremko mkali haufai, njia lazima ipinde, ipande kidogo, ipinde tena. Nikamwelewa haraka. Mimi huelewa haraka.

Wachimbaji wa njia niliwachukua mgodini, watu niliokuwa nao zamani. Nani mwingine anajua kupasua mwamba? Msimamizi wao tulishinda naye shimoni siku nyingi sana, tukila ugali kwenye sufuria moja. Nikawaacha na bwana miti, nikaenda Mwanza kutafuta kipuri cha mashine.

Niliporudi, kona ya kwanza ilikuwa safi. Ya pili safi. Ya tatu kulikuwa na shimo. Si shimo la kupanda mti. Shimo la mtu kuzama na kichwa chake, limewekewa magogo mdomoni na kamba ya kuvutia ndoo, na kifusi kimerundikwa pembeni vizuri kabisa, kwa ustadi.

"Hiki nini?" nikauliza.

Msimamizi akatoka ndani, vumbi mpaka kwenye kope. "Duara, tajiri."

"Nani kawaambia mchimbe duara?"

"Bwana miti. Kapiga kigingi hapa, akasema kwenye kona hii wekeni duara kubwa."

Bwana miti alikuwa amekaa juu ya jiwe, ameshika kichwa. Kwao milimani, duara ni mviringo, njia izunguke kwa upana ili magurudumu yageuke. Kwetu huku duara ni shimo la dhahabu, na mtoto wa darasa la kwanza analijua hilo.

"Na nyie hamkujiuliza? Duara katikati ya njia ya dada yangu?"

Msimamizi akacheka, akanigusa bega kama mtu anayenifichia siri. "Tajiri, sisi tulijua tu. Tangu mwanzo. Tulikuwa tunasubiri useme."

Hilo ndilo linaloniua. Hakuna mtu wilaya hii anayeamini kwamba mimi, niliyetoka shimoni, nimenunua mlima kwa ajili ya maua! Kesho yake asubuhi watu walijaa getini na makarai. Mama mmoja alishainjika chai. Nikasimama juu ya jiwe nikatangaza hakuna dhahabu hapa, kuna mishubiri. Nikasikia mzee mmoja akimwambia mwenzake, "Akikataa kwa nguvu hivyo, ujue ipo." Nikanyamaza. Wakasema, "Umeona, amenyamaza."

Niliwaambia vijana wangu wachukue kile kifusi chote wakimwage kwenye ile kona, wakishindilie, ipanuke na ilale. Shimo tukalifunika mbao nzito, likawa la kuhifadhi maji ya mvua. Kona ikawa pana kuliko alivyoipima bwana miti, na nilimwambia hivyo.

Dada akaja. Akakataa hata mkono mgongoni. Alinyonga, akapumzika, akanyonga. Kwenye kona ya tatu alisimama muda mrefu mpaka nikanyoosha mkono nimsukume; akanitazama, nikaurudisha mfukoni. Wachimbaji walimkodolea macho kama watu wanaosubiri ndoo itoke chini. Akafika juu. Kitambaa kimeloa jasho. Akaangalia mabati ya Kahama, akaangalia mahali alipokuwa anaokota kuni. Nami nikaona sasa nimeshinda, nikaanza kumweleza habari za mninga.

"Na kushuka je?" akauliza.

Baiskeli ile haina breki. Kwenye barabara tambarare ya Kagongwa nani anahitaji breki? Bwana miti akamwangalia msimamizi, msimamizi akaniangalia mimi.

"Tukubebe, dada, mara hii tu."

"Sibebwi."

Basi msimamizi akaenda kufungua ile kamba ya duara, akaifunga nyuma ya baiskeli, vijana watatu wakaishika wakiwa juu, wakamshusha polepole kona kwa kona, kama tulivyokuwa tunashushana shimoni. Yeye ndiye aliyeshika usukani na yeye ndiye aliyetoa amri. "Legeza! Kaza! Nimesema kaza, au mmekula nini?" Watu wa makarai walisimama getini wakashangaa. Mzee yule akasema sasa wanampeleka kukagua duara.

Chini nikamwambia, "Umefika juu kwa mikono yako, dada. Neno linabaki."

"Kufika nimefika. Kushuka nimeshushwa kama ndoo." Akaomba chaki kwa mtu wa tiketi, akasogea mpaka kwenye bango, akaandika chini ya WOTE kwa mkono wake mzito: kupanda tu.

Nimeyafuta maandishi yake. Jumamosi iliyofuata alipanda tena, akashushwa tena, akaandika tena. Wageni wanaotoka Shinyanga wanalipiga picha bango. Fundi baiskeli wa Nyasubi ananiambia breki ya guta, ile baiskeli ya mizigo, haifungiki kwenye baiskeli ya mikono. Nimemwambia ataifunga, nimekaa hapa kwenye benchi lake tangu asubuhi, na siondoki.