Harusi Iliyokatika kwenye Kioo

Mwanangu, kuna Jumamosi moja kijijini Gakindu ambayo bado naikumbuka vizuri. Mvi hizi zilikuwa hazijaanza. Nilikuwa na kibanda cha kutengeneza kompyuta mjini Nyeri, na kichwa kikubwa kuliko kibanda chenyewe.

Mwalimu Gathogo, mzee mstaafu mwenye shamba lake la kahawa huko Gakindu, aliniletea kompyuta iliyozeeka. Niliuondoa mfumo wa kawaida wa kuiendesha, nikaiwekea Linux, ule mfumo wa bure ambao hadi leo ndio ninaoutumia na kuutetea. Ikawa nyepesi kama mpya. Akaniuliza kama angeweza kuitumia kutazama harusi ya bintiye, Nyambura, aliyekuwa anaolewa Ujerumani. Ingeonyeshwa moja kwa moja kwenye tovuti fulani ya video.

"Hiyo ni kazi ndogo, Mwalimu," nikamjibu.

Lakini nilijua. Wiki mbili nyuma, mteja mwingine alikuwa ameniambia tovuti hiyo hiyo inakataa Linux. Nilinyamaza, maana nilikuwa nimeusifia mfumo wangu mji mzima.

Siku ya harusi nikaalikwa kama mgeni wa heshima. Majirani walijaa sebuleni, chai imemiminwa. Mama Nyambura, ambaye miguu haikumruhusu kusafiri, alikaa mbele kabisa, amevaa nguo mpya. Saa nane mchana nikabonyeza. Kioo kikawa cheusi, na maandishi: kifaa hiki hakitambuliki.

"Ni network, Mwalimu," nikasema.

Njia ya mwongo ni fupi, mwanangu. Mzee alitoa simu yake mfukoni, akaitazama.

"Network iko sawa, Wambui. Sema ukweli."

Nikausema, mbele ya watu wote, macho yakiwa sakafuni. Hakunifokea. Alisema tu, "Ungekuwa hujui, singekulaumu. Lakini ulijua, ukaniacha niite watu."

Nilitoka mbio, nikakatiza shamba la kahawa hadi kwa muuguzi jirani, nikaazima kompyuta yake yenye mfumo wa kawaida. Niliporudi na kuifungua, Nyambura alikuwa tayari amevaa pete, anacheka na wageni. Sebule ilipiga vigelegele. Mama yake alipiga pia, kisha akaniuliza polepole, "Na kiapo? Kiapo kimepita?"

Kilikuwa kimepita.

Jumatatu nilirudi. Kilichokosekana kilikuwa kipande kidogo cha programu, kile kinachofungua video zilizofungwa na wenyewe. Kukiweka kulinichukua dakika kumi. Dakika kumi, mwanangu! Baadaye Nyambura alituma rekodi, na mama akakisikia kiapo kwenye kompyuta ile ile ya Mwalimu. Alinishika mkono akasema, "Ni kizuri. Lakini sikuwa hapo."

Basi nisikilize. Mficha uchi hazai. Kazi yako ikiwa na kasoro, itaje mapema, wakati bado kuna nafasi ya kuirekebisha. Ipende njia uliyoichagua hata kama wengi hawaipiti, lakini usimpitishe mtu mwingine humo kabla hujaipita mwenyewe. Jaribu kabla ya siku yenyewe. Na neno "sijui," au "hii itasumbua," lisikukwame kooni.

Mungu akupe mikono yenye ufundi na ulimi usioogopa ukweli, na watu watakaokuamini wasijute kamwe.