Aliisawazisha njia kama shamba, mama mkwe akabebwa kwa kiti

Asubuhi, umande haujakauka kwenye matairi makuukuu yaliyoegemezwa ukutani kwenye yadi ya vifaa vya trekta, mwanamume mrefu mwenye ovaroli ya bluu amechuchumaa mbele ya kipande kikubwa cha chuma. Ana kamba ya katani yenye mafundo mawili. Anaivuta kutoka ncha moja ya chuma hadi nyingine, anatikisa kichwa, anaanza upya.

"Unapima jeneza?" anauliza muuza majembe ya trekta, mzee mfupi asiyetoa mikono mfukoni.

"Napima magurudumu yangu," anajibu bila kugeuka.

Umbali kati ya fundo na fundo ni upana wa trekta yake, kutoka ubavu wa gurudumu la nyuma la kushoto hadi ubavu wa lile la kulia. Aliupima jana jioni, mkewe akiwa amemshikia upande mmoja wa kamba. Chuma atakachochukua leo lazima kizidi mafundo hayo kidogo, ili kifute alama za magurudumu. Kikizidi sana, trekta yake ndogo itakivuta kwa kuhema, na kwenye kila nundu kitachimba pale ambapo hakikutakiwa kuchimba.

Mara iliyopita hakupima kitu. Alichagua kwa macho.

Alichokichagua kwa macho kimelala kwenye tela lake, karibu na lango. Ni bleidi ndefu iliyonyooka, kisu cha kuparulia njia kinachofungwa nyuma ya trekta, na rangi yake ya kiwandani bado inang'aa kwenye mabega. Imeparua njia moja tu katika maisha yake.

"Ndiyo ilikuwa kubwa kuliko zote hapa," anasema dereva huyo, sauti ikishuka. "Nikasema, madereva wenzangu wataniona."

Walimwona, kweli.

Dereva huyu ana miaka arobaini na mitatu. Alianza kazi akiwa utingo wa kumimina dizeli na kupaka grisi kwenye trekta ya mtu mwingine, akajifunza kulima kwa kuangalia mgongo wa dereva wake. Leo ana trekta yake mwenyewe, iliyokwisha kupita mikono ya watu wengi. Msimu ukikubali hulima ekari tatu kwa siku katika mashamba ya watu. Msimu ukiisha, plau hufungwa chini ya turubai na yeye hubeba mchanga na matofali kwa tela.

Ndiyo maana wazo la bleidi lilimpendeza. Njia za changarawe zinazoingia kwenye makazi ya watu huharibika kila mwaka, na mwenye bleidi hakosi kazi. Ya kwanza ikawa njia ya ukweni kwake.

Njia hiyo inaacha barabara kuu, inapanda mteremko wa kama mita mia mbili na kupita nyumba sita. Nyumba ya sita, ya juu kabisa, ni ya mama mkwe wake. Mama huyo hana nguvu ya miguu. Anatembelea kiti cha magurudumu, na mara mbili kwa wiki gari humngoja chini, barabarani, limpeleke kliniki ya mazoezi. Gari lenyewe halipandi. Dereva wake alishavunja springi mara moja na akaapa kutorudia.

Wakati huo njia ilikuwa na mabonde na mashimo, lakini ilipitika. Majirani waliposikia kwamba mkwe wa yule mama amenunua bleidi, walichanga dizeli, wakamwita.

Alifanya kazi kutwa. Aliparua vinundu, akajaza mashimo, akaifuta njia mpaka ikawa bapa kama meza. Kila upande aliacha ukingo mdogo wa changarawe, umenyooka kama uzi. Watu walitoka nje kutazama na kupiga makofi. Mwashi wa nyumba ya tatu, mtu wa utani asiyeweza kukaa kimya, alimbatiza jina papo hapo: Mzee wa Pasi.

Kesho yake mama mkwe alishuka na kiti chake mpaka barabarani, mkono mmoja tu wa binti yake ukiwa mgongoni mwake. Watu walipiga makofi tena.

Kisha mvua ikanyesha.

"Shambani kazi yangu ni kuzuia maji yasikimbie," anasema. "Hicho ndicho nilichofundishwa, na ndicho ninachokijua. Unasawazisha, unaacha kingo, maji yanakaa, mazao yanakunywa. Basi na pale nikafanya vilevile. Nililima shamba, ndugu yangu. Nililima shamba katikati ya nyumba za watu, halafu nikashuka kwenye trekta nikajipongeza."

Njia inataka kinyume chake. Inataka mgongo, katikati pawe juu na pembeni pawe chini, maji yaanguke kando na kwenda zao. Maji ya mvua ile hayakuwa na pa kuangukia. Yalizibwa na zile kingo zilizonyooka kama uzi, yakashuka katikati kama watu waliofunguliwa geti. Yalichimba korongo linalofika magotini, na changarawe karibu yote ikalala chini kwenye barabara kuu.

Siku ya kliniki ilipofika, kiti cha magurudumu hakikuvuka hata nyumba ya tano. Mwashi na majirani wengine watatu walimhamishia mama kwenye kiti cha plastiki, wakakishika miguu, wakamteremsha. Mama alicheka na kuwaambia wasimdondoshe, kwani hana meno ya akiba. Mwenye trekta hakuwapo. Aliambiwa na mkewe usiku, na anasema hakumaliza chakula.

Tangu hapo mama amebebwa kila siku ya kliniki. Mkwewe hajawahi kushika mguu hata mmoja wa kile kiti.

"Siku hizo nilikuwa natafuta safari ya mchanga ya mbali," anakiri. "Hata kama haipo, naitafuta."

Jina nalo lilibadilika. Sasa mwashi anamwita Wembe. Akienda ukweni kuchukua watoto, dereva hupita kwenye mwanya wa uzio na kuingilia jikoni, ili asipite mlango wa mbele ambako mama hukaa. Mkewe amemsema sana. "Mwanamume mzima unanyata kama mwizi wa kuku," humwambia. "Na mama anakusikia. Hayo mabuti yako yanasikika mpaka kwa jirani."

Hivyo asubuhi hii amekuja kubadilisha bleidi kwa kifaa kingine, na kuongeza kidogo juu. Muuza majembe anamwonyesha alivyo navyo. Kuna bleidi nyingine iliyonyooka, fupi kuliko ile ya kwanza. Kuna fremu yenye visu viwili vilivyokingama, nzuri kwa njia ambayo bado ina changarawe yake. Na kuna sanduku la chuma lisilo na sakafu wala ubavu wa mbele, lenye safu ya meno yanayoshushwa kuchimbua ardhi ngumu.

"Chukua fremu," anashauri mzee. "Inapita kama inateleza. Wateja wanaipenda."

"Hiyo inafuta. Mimi sina cha kufuta, changarawe yangu iko barabarani," anasema dereva. "Nataka cha kuchimbua na kubeba."

"Basi sanduku. Lakini chukua lile kubwa pale. Mwanamume mrefu hivi na kisanduku kidogo, watu watacheka."

"Wameshacheka, mzee."

Anarudi kwenye sanduku dogo, anavuta kamba. Mafundo yanaingia ndani, na nje unabaki upana wa kiganja kila upande. Anauliza kuhusu meno, anayatikisa moja moja, analikataa moja lenye ufa hadi libadilishwe. Anaketi chini kabisa kutazama pini za kufungia.

Wakati huo anaingia mteja mwingine, kijana aliyevaa vizuri, na macho yake yanakwenda moja kwa moja kwenye bleidi iliyo kwenye tela. Muuza majembe anachangamka, anatoa mikono mfukoni. Anaipigapiga begani kama ng'ombe wa mnada. "Hii ni mpya, bwana. Imefanya kazi siku moja."

"Siku moja? Sasa mwenyewe anairudishia nini?"

Mzee anamtazama dereva. Dereva anaweza kunyamaza. Biashara ni ya mzee. Anajifuta mikono kwenye ovaroli kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika.

"Niliharibu njia nayo," anasema. "Njia ya mama mkwe wangu. Chuma hakina kosa. Ukiinunua, pima magurudumu yako kwanza, na usiache kingo."

Kijana anacheka kidogo, akidhani ni mzaha, kisha anaona uso wa msemaji na kuacha. Baadaye, wakati sanduku linafungwa nyuma ya trekta, dereva anasema hiyo ilikuwa mara ya kwanza kulitamka jambo hilo kwa mtu asiyemjua. "Lilikuwa zito mdomoni," anasema.

Alasiri yuko ukweni. Changarawe aliyoizoa barabarani imelundikwa chini ya mteremko. Mwashi ameketi juu ya tofali mbele ya nyumba yake, miguu ameinyoosha kama mtu aliyelipia kiti.

"Wembe, leo unanyoa kichwa au ndevu?"

"Leo napandikiza nywele, kaka."

"Tutaona. Mimi bega langu ndilo linaota sugu."

Dereva anawasha trekta. Anashusha meno ya sanduku, anapita polepole akipanda, na ardhi iliyogandamana inafunguka. Kisha anafupisha mkono mmoja wa kuinulia nyuma ya trekta, ili upande mmoja wa sanduku ukae chini kuliko mwingine. Hivyo ndivyo njia itakavyopata mgongo. Katikati ya kazi anazima injini. Anasimama juu ya mteremko, anatazama kushoto kwenye ukuta wa mwashi, anatazama kulia kwenye ua wa nyumba ya nne. Maji lazima yatoke mahali. Akiyapeleka kusiko, yataingia chumbani kwa mtu.

Anamuuliza mwashi. Mwashi anaondoka kwake alfajiri na kurudi jioni; hajui. Anawauliza wengine, nao kila mmoja anaonyesha kwa mwenzake. Mtu mmoja tu amekaa mlangoni mvua zote akitazama njia hiyo.

Safari hii dereva anapita mlango wa mbele. Anavua mabuti. Mama mkwe yuko kwenye kiti chake, kitenge magotini, anachambua mchele.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Leo umeuona mlango."

Dereva anachuchumaa, macho kwenye ungo. Anauliza maji ya huku juu hutoka wapi na huenda wapi. Mama haoni haja ya kufikiri. Maji hutoka nyuma ya nyumba yake, anasema, hukata njia chini kidogo ya nyumba ya tano, na zamani yalikuwa yakitokea kulia, kwenye kijibonde kati ya nyua mbili, mpaka mtaro wa barabara kuu. Hayakuwa yakimsumbua mtu.

"Mpaka nilipoyaziba."

"Mpaka ulipoyaziba."

Dereva anaokota kijiwe kimoja kwenye ungo. Kisha anauliza, kwa sauti ya kusikika kwa shida, "Siku ile ulikuwa umekaa hapahapa, mama?"

"Hapahapa."

"Na uliona."

"Niliona." Mama anatupa pumba pembeni. "Lakini ulikuwa umefurahi, na watu wanakupigia makofi. Mkwe humwambii kosa lake mbele za watu. Nikasema nitakwambia kesho. Kesho nikashuka na kiti changu, na mimi nikafurahi. Halafu mvua ikaja. Ukaanza kupitia jikoni, ningekwambia saa ngapi?"

"Mama, nimekuaibisha."

"Umenibebesha kwa watu, ndiyo. Wanaume wanahema chini yangu, nami najifanya nacheka. Lakini ningefungua mdomo siku ile, nisingebebwa. Kwa hiyo usijichukulie aibu yote peke yako, baba. Niachie na mimi kidogo."

Dereva anarudi nje. Haanzi na trekta. Anachukua jembe la mkono na kuufungua ule ukingo wa kulia chini ya nyumba ya tano, mahali alipoelekezwa, mpaka kijibonde kionekane. Mwashi anamtazama kwa muda, kisha anainuka, anakwenda ndani na kutoka na jembe lake. Hasemi kitu, jambo ambalo kwa mwashi huyo si la kawaida.

Jua linapolala, njia ina mgongo. Changarawe ni nyembamba na inahitaji matripu mengine mawili au matatu ya tela. Kwa macho inapendeza kuliko mwanzo, lakini dereva hataki mtu aisifu.

Mama mkwe naye hataki kuishuka kwa magurudumu hadi inyeshewe mvua moja. "Si kwamba simwamini," anasema. "Hata mara ya kwanza ilikuwa nzuri kabla ya mvua."

Dereva anaona mama ana haki. Mpango wake ni kuwa nyumbani mvua hiyo ikija, asitafute safari yoyote, asimame katikati ya njia ayaone maji yanakokwenda kwa macho yake. Yakitoka vizuri, ndipo ataanza kupokea kazi za njia za watu wengine.

Kabla ya hapo kuna siku ya kliniki, keshokutwa, na mama atashushwa kwa kiti cha plastiki kama kawaida. Dereva amewaomba majirani wamwachie upande wa mbele, ule unaoelemewa wakati wa kushuka. Mwashi amekubali haraka sana.

Mama mkwe naye amekubali, kwa sharti moja: asimwombe msamaha wakiwa njiani.

"Atalia," anasema, "halafu atanidondosha."