Namba ya Paje

Msichana aliyesimama mbele ya kamati ya nidhamu alikuwa anasema kweli, na katika chumba kile mimi peke yangu ndiye niliyejua. Nilikuwa katibu. Nikaandika: "Mtuhumiwa ametoa maelezo yasiyoridhisha."

Nirudi nyuma kidogo. Nimeajiriwa na chuo cha Tunguu kufundisha takwimu, na siku mbili kwa wiki nafundisha somo hilo hilo katika chuo cha binafsi mjini. Mkataba wa Tunguu unataka niombe ruhusa. Sijaomba. Wenzangu wengi nao hawajaomba, na tukikutana kwenye korido za mjini tunajuliana hali kama watu waliokutana hospitali, haraka, bila kuulizana umefuata nini.

Muhula huu mitihani ya vyuo viwili iliangukia siku moja, mjini asubuhi, Tunguu alasiri. Nilitunga mmoja. Juu ya karatasi nilibadilisha jina la chuo, basi. Swali la tatu lilikuwa na jedwali la mavuno ya mwani, na kwenye mstari wa kijiji cha Paje nilikosea kuchapa namba. Mwanafunzi wa mjini aliinua mkono akauliza, nikaandika ubaoni namba iliyo sahihi. Kisha nikafunga mkoba, nikaendesha gari kwenda Tunguu, na huko nikasahau kuwaambia. Hakuna aliyeuliza.

Lakini mmoja alitumia namba sahihi. Mwalimu aliyepitia majibu baada yangu akaona namba ile haimo kwenye karatasi ya maswali, akashuku kwamba aliuona mtihani mapema, akampeleka mbele ya kamati. Yuko mwaka wa mwisho. Akikutwa na hatia, anafukuzwa.

"Namba hii umeipata wapi, mwanangu?" aliuliza mwenyekiti wetu, mama wa makamo asiyepandisha sauti.

"Kwa dada yangu, Bi. Anasoma chuo cha mjini, tunakaa pamoja Michenzani. Siku ile karudi mchana analalamika, mtihani wao una namba mbovu ya Paje. Mimi nnakuna nazi, nnamsikiliza tu. Kaitaja ile sahihi mpaka nkaihifadhi. Nlipokuja kufungua karatasi yangu, nkaona swali ni lile lile."

"Mbona hukumwambia msimamizi?"

"Nliogopa, Bi."

Mjumbe mmoja akajiegemeza kwenye kiti. "Kwa hiyo mtihani umetoka mjini, umepanda gari, ukaja Tunguu wenyewe?"

Wakacheka. Nami nilicheka. Mkoba uliouleta ulikuwa chini ya kiti changu.

"Muulizeni dada yangu," alisema msichana. Hakunitazama. Hajui kwamba nafundisha kule.

Kikao kilipoahirishwa nilimfuata mwenyekiti hadi kwenye gari lake.

"Bi, yule mtoto anasema kweli. Mtihani ni mmoja. Nimeutoa mimi, pawili."

Aliendelea kutafuta funguo ndani ya mkoba. "Usinambie hayo hapa."

"Nkwambie wapi?"

"Wewe hujui mimi Jumamosi huwa wapi?"

Nilijua. Sote tunajua.

"Na yule aliyewachekesha watu, hujui jioni anafundisha wapi? Ukisema lako, tutaulizwa sote." Akaingia garini, akateremsha kioo. "Lakini dada mtu tutamwita. Keshamtaja, hatuna budi."

Ameitwa kwa kikao cha Jumatatu. Wito nimeuandika mimi, maana hiyo ndiyo kazi ya katibu. Darasani kwangu mjini hukaa safu ya mbele, na ndiye aliyeinua mkono kuuliza juu ya Paje. Leo ni Alhamisi. Mdogo wake hajapewa matokeo, na ile sentensi yangu ya maelezo yasiyoridhisha ingali kwenye kumbukumbu za kikao. Sijaifuta, wala sijatia saini.