Mbuzi ya Mama, Mbuzi wa Mama

Mimi ni mtu wa ngeli. Nimefundisha miaka mingi, nimestaafu, lakini ngeli hazikustaafu pamoja nami. Mtu akisema "kitabu yangu" mbele yangu napata kichomi. Nalisema hili mapema ili ijulikane kwamba aibu iliyonipata ilikuwa halali yangu.

Chama chetu kina vyumba viwili Darsait, hapa Maskati, juu ya duka la fundi wa viyoyozi. Kazi yake ni kuhifadhi kumbukumbu za wazee wetu waliokuwa wa kwanza kurudi Maskati kutoka Unguja. Mwanzo tulikiita Chama cha Waliotangulia. Mgeni wetu wa kwanza alisoma kibao mlangoni, akatupa pole, akauliza mazishi yalikuwa lini. Mama yangu naye akakataa kupanda ngazi. "Mie bado sijatangulia," alisema. "Nikitangulia mtaona wenyewe." Tukafuta, tukaandika Waliofika Mwanzo.

Mwenyekiti wetu ni mhandisi mstaafu, aliyeletwa huku akiwa mtoto mdogo. Ni mtu mwema, ila anapenda kanuni kuliko wengine tunavyopenda halwa. Alitunga moja akaibandika ukutani kwa herufi kubwa: HAKUNA KITU, HAKUNA JINA. Maana yake, jina la mtu haliingii kwenye ubao wa heshima mpaka alete kitu alichokuja nacho kutoka Unguja. Matokeo yake tukapata vyerehani sita, na kila ukoo ukiapa kwamba chao ndicho kilichoshona nguo ya kwanza Maskati. Yeye mwenyewe alileta kadi yake ya chanjo ya ndui, yenye muhuri wa meli, akailaza mezani juu ya kitambaa cha kijani. Jina lake likakaa juu kabisa ya ubao.

Mama hakuwa na kitu. Alikuja na vitu kama watu wengine, lakini ni mtu wa kutoa. Sufuria alimpa bi harusi fulani, sanduku akalitoa kwa jirani aliyejifungua, kanga zilivaliwa zikaisha. Kila Ijumaa nikienda kumsalimia aliniuliza, "Mmeshaniandika?" Nikimjibu bado, aliukunja upindo wa kanga yake, kisha akaukunjua. Mama amepita miaka themanini. Niliogopa, nasema kweli, kwamba atakufa huku ubao umejaa watu aliowalisha yeye, na jina lake halimo.

Siku mbili kabla ya kufungua maonyesho yetu, akakumbuka. "Mbuzi!" akapiga kelele. "Nna mbuzi yangu, ipo Mawaleh!"

Alikusudia mbuzi ya kukunia nazi, kile kibao cha kukalia chenye ulimi wa chuma wenye meno. Alikuja nayo kutoka kwao, akamwazima shoga yake wa Mawaleh, naye akaahidi kuirudisha kesho yake. Hiyo kesho haijafika mpaka leo. Nikampigia shoga simu, nikamkuta yuko Umra. Akaniambia ipo uani, nyuma ya nyumba, tumwambie msichana wa kazi atatupa.

Chama kina dereva, bwana mmoja wa makamo kutoka bara Kenya, mwaminifu mno. Nikamwandikia ujumbe, na nilijisifu kwa ufasaha wangu: "Tafadhali pita Mawaleh kwa shoga yake mama, uchukue uani mbuzi ya mama. Ni ya zamani sana. Ina meno makali, ifunge kitambaa isikuumize. Ilete kabla ya wageni."

Tazama hapo. Kwetu sisi mbuzi *wa* ni mnyama, mbuzi *ya* ni ya nazi. Herufi moja tu, na mtoto wa Unguja anaijua kabla hajaota meno. Lakini kwa ndugu zetu wa bara kila kitu ni *ya*: mbuzi ya, ng'ombe ya, mjomba ya. Nimewacheka kwa hilo miaka yote, na siku nilipotakiwa kulikumbuka sikulikumbuka.

Wageni walikuja baada ya alasiri. Mama nilimkalisha kiti cha mbele, amevaa kanga mpya, amepaka hina. Mwenyekiti alikuwa katikati ya hotuba yake, kwenye kipengele cha tatu cha kanuni, tuliposikia vishindo kwenye ngazi. Dereva akaingia, jasho linamtiririka. Nyuma yake, kwa kamba, akaingia beberu mzee mwenye ndevu za kadhi, mdomo umefungwa kitambaa.

"Madam, mbuzi ndio hii," alisema. "Kulikuwa na tatu, nikachagua ile mzee kabisa. Hii meno kweli iko nayo."

Nilitaka ardhi inimeze, na chini ya ardhi hiyo mlikuwa na fundi wa viyoyozi.

"Nilisema mbuzi *ya*!" nikafoka.

"Si ndio hii, madam? Mbuzi ya mama."

"Huyo ni mbuzi *wa*!"

"Mbuzi ya nani?"

Watu wakaanza kuangua vicheko. Mwenyekiti akagonga meza, akatamka kwa huzuni kwamba mnyama hai hawezi kusajiliwa, kwani hata kwa kumtazama tu ni wazi hakuwahi kupanda meli. Kwa hiyo kwa upande wa mama yangu, alisema, bado hakuna kitu. Hakumalizia nusu ya pili. Nilimwona mama akiinamisha kichwa, nikaichukia kanuni ile na aliyeitunga.

Lakini mama alikuwa anamtazama beberu. "Jamani, mfungueni mdomo kiumbe wa Mungu," alisema. "Anahema." Na kwa kuwa hakuna aliyenyanyuka, akamfungua mwenyewe.

Sijui kama alijua. Nimemuuliza mara nyingi, naye hujibu kwamba macho yake hayaoni vizuri. Ninachojua ni kwamba kioo cha kufunikia meza ya mbele kilikuwa bado kwa fundi. Beberu alinyoosha shingo, akanusa kitambaa cha kijani, akachukua kadi ya chanjo ya mwenyekiti kwa adabu zote na kuanza kuitafuna. Mwenyekiti akaruka. Dereva akavuta kamba, mwenyekiti akavuta kadi, cherehani kimoja kikaanguka. Mwishowe mwenyekiti alibaki na kipande kidogo chenye mate, na juu yake hakuna hata nukta ya wino.

Kisha mmoja wa wenye vyerehani, ambaye kisirani chake hakijapata kupumzika, akanyoosha kidole ukutani. "Hakuna kitu," akasoma polepole, "hakuna jina."

Wakacheka tena, nami nikacheka kwa nguvu kuliko wote. Nikamtazama mwenyekiti nikaacha. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyefiwa. "Ile ndiyo iliyobaki," alisema. "Wazazi wangu wamekufa. Sasa nani atasema kwamba nilikuja?"

"Mie," akasema mama.

Tukageuka sote.

"Mlishuka Matrah asubuhi. Mama yako alikuwa hoi kwa kichefuchefu, akanipa mimi nikubebe. Nilikuwa nimekuja na birika la chai, maana kila meli ikifika nilikuwa nnashuka bandarini na chai. Ukanitapikia buibui zima."

Mwenyekiti akamsogelea. "Kwa hiyo wewe, bimkubwa... ulikuwa umeshafika?"

"Nngekuwa sijafika ningekupokeaje, mwanangu? Ukanishika shingo ukaniuliza, 'Nyumbani tunarudi lini?' Nikakwambia kesho. Nilikudanganya. Unisamehe."

Mhandisi mzima yule, mwenye mvi, akalia mbele ya wageni. Kisha akaenda ubaoni, akalishusha jina lake, na mahali pake akaandika la mama yangu. Kwenye jina lake mwenyewe, pale tunapoandika kitu mtu alichokuja nacho, akafuta "kadi ya chanjo". Badala yake akaandika: "Sina. Yeye alinipokea."