Jicho Lililooga

Kinyozi huyu hunyoa ndevu kwa wembe, na mtu anayemkabidhi koo lake hutaka kwanza kumtazama machoni. Ndiyo maana jicho lake la kulia lilipoanza kuwa jekundu kila baada ya miezi michache, aliliona kuwa aibu ya biashara kuliko ugonjwa. Duka la dawa lilimpa matone ya kutuliza uvimbe, jicho likawa jeupe, wateja wakarudi. Madaktari aliowaona baadaye walimwandikia matone yaleyale. Kila mara jicho lilitulia, na kila mara liliacha ukungu zaidi.

Mwishowe alifika kwa daktari wa macho wa hospitali kubwa, binti wa rika la mwanawe wa kwanza. Huyu hakumwandikia kitu, alimweleza. Macho yaliyovimba ndani hufanana kwa nje, alisema, lakini uvimbe wa huyu umeletwa na kifua kikuu, wa yule na kirusi, na kwa mwingine ni askari wa mwili wenyewe waliogeuka kuipiga nyumba yao. Dawa inayomfaa mmoja yaweza kumpofusha mwenzake. Siku hizi huchotwa tone la maji ya ndani ya jicho, maabara ikatafuta humo vinasaba vya kirusi au kijidudu, na mgonjwa akapewa dawa ya adui wake mwenyewe. Siku hiyo jicho lilikuwa shwari. Akaambiwa likiwaka tu aje, na asitie kitu.

Likawaka. Akajitazama kwenye kioo cha dukani, akaona haya. Mtu huoga kabla ya kwenda kwa daktari, hupiga shati pasi. Vipi amwendee binti wa watu na jicho kama nyanya iliyopondwa? Akatia matone siku mbili, kisha akaenda.

Daktari alichungulia kwenye mashine yake, akaegemea kiti.

"Baba, umetia dawa?"

"Kidogo tu. Nisije nikakutisha."

"Basi umeniletea jicho lililooga. Nikichota leo, maabara huenda isione kitu, nasi tutadhani hakuna kitu."

Akarudishwa nyumbani, asubiri jicho liharibike tena. Alikasirika njia nzima, bila kujua amkasirikie nani. Shemeji yake, kaka wa mkewe, anayenyoa kwenye kiti cha pili dukani, alikosa huruma kama kawaida yake.

"Dunia nzima inaomba kupona, shemeji. Wewe unaomba kuugua, na hata hilo hujajibiwa."

Ilichukua majuma mengi. Kila asubuhi mkewe alimkagua jicho kama mtu anayetazama sufuria isiyochemka. Lilipowaka, liliwaka Jumamosi, duka limejaa. Mwanga ulimchoma kama pilipili. Akaweka wembe chini na kufunga jicho kwa kiganja. Mkewe, aliyeitwa mbio, alikuja na kichupa cha matone mkononi.

"Tia moja tu, baba. Unaumia."

"Kiweke mbali hicho."

"Na likipofuka leo?"

Alishikwa mkono kama mtoto hadi hospitali, na safari hii daktari alilitia jicho ganzi, akapitisha sindano nyembamba na kuchota tone.

Maabara ilikipata kirusi. Matone yale ya miaka yote yalikuwa yakiwalaza usingizi askari wa mwili, na kirusi kikijiachia humo ndani bila bugudha. Kila jicho lilipowaka, presha ya ndani yake ilipanda pia, ikaula kidogokidogo mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo. Sasa akapewa dawa ya kirusi chenyewe, na baada ya wiki chache za kuitumia wekundu uliisha. Ukungu haukuisha.

Alipouliza utaondoka lini, daktari alisema mshipa ulioliwa haurudi. Kilichobaki ndicho watakachokilinda.

"Na kipimo hiki, nilipoanza kuugua, kilikuwapo?"

"Kilikuwapo, baba. Hapa kwetu ndipo hakikuwapo."

Mkewe alikuwa akimngoja kwenye benchi la nje, akauliza amesemaje.

"Amesema ugonjwa umejulikana."

"Alhamdulillahi. Sasa mbona umenuna?"

"Umejulikana," akarudia, akampita kuelekea mlangoni, bega la kulia likigonga fremu ambayo hakuiona.